Pembe Nane za Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Jana nilikwenda nyumbani kwa akina Mfamasia, binti ninayetaka kumwoa. Ziara ya nne. Bado nakalishwa kwenye kiti cha plastiki. Kile cha mbao chenye mto alikikalia mwalimu wa masomo ya jioni, aliyekuja kumletea mama mwenye nyumba karatasi za mazoezi. Mtu mrefu, mwembamba, amenyooka hata akiwa amekaa. Nitamwita Rula. Alipokuwa anaondoka, Mfamasia alimsindikiza mpaka getini. Mimi husindikizwa mpaka mlangoni.

Habari yenyewe ni hii. Mama yake Mfamasia, ambaye humu ndani nitamwita Mama Mkwe ingawa mwenyewe hajakubali cheo hicho, ni kaimu msimamizi wa kiwanda cha mikate. Amekaimu miaka sita. Mkurugenzi mpya kasema asiye na cheti cha sekondari hawezi kusimamia hata meza, kwa hiyo asipokipata atarudishwa kwenye matanuri, chini ya vijana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe. Basi amerudi darasani akiwa na miaka hamsini na mbili. Masomo yote yanakwenda isipokuwa hesabu. Hesabu zote zinakwenda isipokuwa pembe.

Mama Mkwe akasema laiti angepata mtu wa kumwelekeza hapa nyumbani. Kukawa kimya. Nikasikia sauti inasema kwamba shuleni kwao ilikuwa ikiitwa Baba wa Pembe. Nikageuka kutazama ni nani. Sauti ilikuwa yangu.

Rula akauliza kwa adabu kama bado nakumbuka majina ya pembe zinazotokea mstari mmoja unapokatiza mingine miwili. Nikasema hizo ndizo hasa. Nimekaribishwa Jumatano. Mfamasia alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mapenzi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeazima kitabu cha hesabu kwa mpangaji mwenzangu, nikaenda nacho kazini. Duka la magodoro ni mahali pazuri pa kusomea. Nilijilaza juu ya godoro nene la dirishani nikaanza. Mistari miwili. Mstari wa tatu unaikatiza yote. Zinazaliwa pembe nane, nne kila makutano. Pembe hizo hupangwa mbili mbili, na kila jozi ina jina lake. Majina ni kama ifuatavyo.

Nikaamshwa na bosi. Alikuwa na mteja, bibi mmoja mwenye mwavuli. Bosi alitaka kujua kama nalipwa kwa kukoroma. Bibi akasema godoro linalomlaza muuzaji saa nne asubuhi ndilo analolitafuta mwaka wa pili sasa, akalinunua palepale. Bosi akaandika risiti. Nilikubali pongezi kwa unyenyekevu.

Jioni ndipo nilipokumbuka kwamba kitabu kilikuwa kimeingia chini ya karatasi ya nailoni ya godoro. Kimekwenda na bibi. Mpangaji mwenzangu ameuliza nimefika wapi. Nimemwambia nimefika kwenye majina.

Jumatano, 5 Machi

Somo la kwanza. Limefana.

Mama Mkwe alikuwa amefuta meza, amechonga penseli tatu, amevaa miwani. Chai na mkate wa kiwandani kwake vilikuwa tayari. Aliniita Mwalimu. Sikumkataza.

Alichora mwenyewe mistari miwili, akaikatiza kwa wa tatu, akaziandika pembe namba moja mpaka nane. Kisha akaweka kidole kwenye mbili kati ya hizo, akaniuliza jozi hii inaitwaje. Nikatazama dari. Dari haikuwa na neno. Nikatazama ukuta.

Ukutani kuna picha ya harusi yake. Ndugu wamesimama safu mbili, na kioo kimepasuka kimshazari tangu juu hadi chini, ufa umekatiza safu zote mbili. Kheri huja bila hodi. Nikamuuliza yule aliye kushoto ya ufa safu ya juu ni nani. Mmoja wa watoto mapacha wa shangazi yake. Na wa kushoto ya ufa safu ya chini? Pacha mwingine.

Nikamwambia basi, Mama, ndivyo ilivyo hata kwenye hesabu. Mbili hizi zimekaa mahali palepale kwenye makutano yake, moja juu na moja chini. Zinaitwa pembe mapacha.

Baada ya hapo ulimi ukawa mwepesi. Zilizo ndani kati ya mistari miwili, moja huku na moja kule kwa mshazari, zinarushiana maneno: pembe watani. Zilizo nje, huku na kule, zinaonana siku za shughuli tu: pembe mashemeji. Zilizo ndani upande mmoja, nyumba moja na sebule moja, lazima wavumiliane: pembe mawifi. Na zile zinazogusana ncha tu, kila moja imetazama upande wake: pembe wakwe.

Mama Mkwe aliandika yote. Alicheka kwenye mawifi mpaka akavua miwani. Akasema hajawahi kuelewa jambo la hesabu haraka namna hii, na kwamba Rula anafundisha kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia.

Ijumaa, 7 Machi

Somo la pili. Hitilafu ndogo.

Mama Mkwe alikuwa amenunua kipimapembe. Sikumtuma. Alipima mapacha wake, mmoja akatoka mkubwa kuliko mwenziwe. Akapima watani, hivyo hivyo. Akaniuliza inakuwaje, maana darasani amesikia jozi kama hizo huwa sawa. Nikalaumu kipimapembe. Akaniambia nikalete kingine. Nikaenda dukani kwa miguu, nikaleta kingine. Nacho kikasema vilevile.

Nikamwambia mapacha hawalingani sikuzote, mmoja huwahi ziwa. Mama Mkwe alinitazama juu ya miwani. Akasema kwamba kiwandani vipimo viwili vikitofautiana, huwa hawaulizi mizani, humuuliza mpimaji. Nikaomba chai nyingine.

Mistari yake ilikuwa imeinama kidogo, mmoja ukienda kumtafuta mwenziwe. Niliona. Sikudhani inahusu.

Jumamosi, 8 Machi

Mfamasia alipita dukani. Amekaa kwenye kitanda cha maonyesho, mgongo wima, mkoba mapajani. Amesema mama yake sasa anaimba mapacha na mawifi huku akipanga mikate, na wapishi wa zamu ya asubuhi wanaitikia. Akauliza majina hayo nimeyatoa kitabu gani.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Niliiona ikija, nikaiona ikipita. Nikasema ni mtaala mpya.

Akasema vizuri, maana Jumanne Rula anatoa jaribio la pembe tupu, na mwenye alama mbaya hatasajiliwa kwa mtihani wa mwisho. Kisha akauliza bei ya mito.

Jumapili, 9 Machi

Nimewaza toka asubuhi. Jambo ni moja: Jumanne jaribio lisifanyike. Likisogezwa wiki moja, nitapata kitabu, nitapata majina, nitamwambia Mama Mkwe kwamba mtaala umebadilika tena.

Nimekwenda kwa Dada. Dada ni msusi, ana saluni ya viti viwili, na akianza kuuliza maswali hata polisi huondoka. Nimemwomba Jumanne jioni aende pale darasani kama mtu anayetaka kujiandikisha, amshike Rula kwa maswali mpaka muda uishe. Hakuna mwalimu mwenye adabu atakayemkatiza mwanamke anayetafuta elimu.

Dada akauliza huyo mwalimu yukoje. Nikamwambia mrefu, mkavu, hana mvuto wowote. Dada akaendelea kusuka. Baadaye akasema ataangalia kama ana nafasi.

Jumanne, 11 Machi

Nilijibanza kibandani ng'ambo ya barabara, darasa naliona lote kwa dirisha. Dada aliingia amevaa kitenge kipya na hereni. Kwa ajili ya kuuliza ada. Sikuelewa.

Rula alimsikiliza dakika moja. Kisha akageuka, akawagawia wanafunzi karatasi za jaribio, akatoka na Dada ukumbini, akaurudisha mlango nyuma yake. Maswali ya Dada yalichukua muda wote, kama tulivyopanga. Jaribio nalo likafanyika lote. Nilimwona Mama Mkwe akiandika haraka, bila kusita, akitabasamu. Alimaliza wa kwanza.

Dada alitoka baadaye sana. Nilimuuliza wamezungumza nini muda wote huo. Akasema mwalimu anaeleza vizuri. Nikauliza ameeleza pembe? Akasema pembe hazikutajwa.

Alhamisi, 13 Machi

Mfamasia amenipigia simu. Alitumia sauti ile anayosomea wagonjwa madhara ya dawa.

Mama Mkwe kapata sifuri kwenye majina. Rula alirudisha karatasi jana jioni mbele ya darasa zima. Hakukusudia ubaya, alimuuliza tu pembe mawifi ni zipi. Darasa likacheka. Mama Mkwe akasimama, akawaeleza mawifi, mashemeji na mtaala mpya, kwa kujiamini, mpaka mwisho. Darasa likacheka zaidi. Ndipo akaelewa. Akakaa chini, akakusanya penseli zake, akaondoka kabla ya kengele. Leo hakwenda kazini. Katika miaka yote ya kiwanda hakuwahi kukosa siku.

Nikauliza amesema nini kuhusu mimi. Mfamasia akajibu kwamba hajasema kitu, ila ananiita Jumamosi.

Sikula vizuri. Nilipomaliza kula nilijaribu kulala, na godoro langu ni zuri.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamua kuumwa.

Nimempigia Mfamasia nikamwambia sitaweza kuja kesho. Akauliza naumwa nini. Nikasema homa, baridi kwenye magoti, na ladha ya chuma mdomoni. Akauliza kama macho yanaona njano. Nikasema kidogo. Akauliza kama nywele zinauma. Nikafikiri, nikasema za nyuma. Akauliza kama nimewahi kunyonyeshwa na ng'ombe. Hapo nikashtuka.

Jioni mtu wa dukani kwake ameleta chupa. Dawa ya minyoo. Kipimo kimeandikwa kwa mkono wake: unywe yote, leo, na kesho saa kumi uje.

Nimekunywa. Nina hakika haikuhitajika ladha hiyo.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikwenda. Tumbo lilikuwa limeshaniaga.

Rula alikuwepo. Kiti cha mto. Mama Mkwe alikaa mezani, karatasi nyeupe mbele yake, miwani ameivaa. Hakunisalimia kwa kelele wala kwa ukali. Alisema tu, "Karibu, baba. Kaa hapa karibu." Ningependelea ukali.

Akanichorea mistari ileile, akaniomba niseme majina yake, yale wanayoyajua watu wengine. Nikaanza kueleza kwamba shule niliyosoma iliungua. Akanikatiza.

"Hukuulizwa shule. Umeulizwa pembe."

Nikasema sijui.

Rula akavuta karatasi. Sikuona dharau usoni mwake, nilitafuta. Akasema zile mapacha huitwa pembe linganifu. Watani ni pembe mbadala za ndani, mashemeji ni mbadala za nje. Mawifi ni pembe za ndani za upande mmoja. Wakwe ni pembe mkabala. Kisha akasema jambo ambalo nimeliandika hapa kwa sababu ndilo pekee lililonifaa siku nzima: kwamba jozi nilizipanga sawasawa zote, hata moja sikuikosea. Majina tu ndiyo niliyoyatoa hewani.

Mama Mkwe hakuwa amemaliza. Akauliza basi ile Ijumaa, mbona vipimo vilitofautiana? Rula akageuza karatasi, akachora mistari miwili isiyo sambamba, akaikatiza. Akaeleza kwamba jina la jozi hutokana na mahali pembe zilipokaa, basi. Mistari iwe sambamba, isiwe sambamba, jina halibadiliki. Kulingana ni habari nyingine. Mistari ikiwa sambamba, linganifu zinakuwa sawa na mbadala zinakuwa sawa. Ikiwa si sambamba, hazilingani, ila bado zinaitwa vilevile.

Mama Mkwe akaweka kidole kwenye mchoro. Kisha akasema taratibu, "Kama shemeji. Anaitwa shemeji kwa sababu ya mahali alipokaa. Kama mnapatana au hampatani, hilo lazima mpime."

Rula akasema ndivyo hasa.

Mama Mkwe akanigeukia mimi. Akasema nimekaa mahali pa mkwe, ziara ya saba hii, na kila mtu mtaani keshaniita hivyo. Lakini yeye bado hajapima. Na vipimo vya mwanzo havikupendeza. Hasira yake, akasema, haikuwa ya sifuri. Sifuri inafutika. Alikuwa na watu thelathini wanaomsikiliza kiwandani, amewaimbisha uongo wiki nzima, na kesho kutwa lazima arudi awaambie.

Nikatazama picha. Mapacha wa shangazi walinitazama.

Hukumu: Rula amekubali kumpa Mama Mkwe jaribio tena Jumatatu. Mimi nitakaa darasani kila jioni, dawati la mbele, ubavuni mwa Mama Mkwe, mpaka mtihani. Na nisimwite Mkwe mpaka aseme mwenyewe.

Mfamasia alinisindikiza. Alifika getini, kwa mara ya kwanza, lakini kwa kunitoa. Akasema mama yake tangu habari ya mkurugenzi ije alikuwa hajacheka, na siku ile ya mawifi alicheka mpaka majirani wakachungulia. Ndiyo sababu hajanikataza kuja. "Lakini usichezee tena kazi ya mama yangu." Alisema polepole, macho yakiwa kwenye komeo la geti. Nikasema sawa. Nilikuwa namaanisha, nadhani.

Jumatatu, 17 Machi

Darasani. Dawati ni la watu wafupi. Mama Mkwe upande wa kulia, nyuma yangu mlinzi wa benki, kushoto dereva wa gari la taka. Wote wanajua pembe mbadala. Mimi peke yangu ndiye ninayezichanganya na linganifu, na kila nikikosea napigwa kiwiko cha ubavuni. Kiwiko cha mtu aliyekanda unga miaka mingi.

Nilikuwa nimejiandaa, lakini. Majina yote matano niliyaandika kiganjani kwa wino. Nia ilikuwa njema, kumwokoa Mama Mkwe asione aibu kuketi na mimi. Lakini Rula ana tabia ya kumpa mkono kila mwanafunzi mlangoni. Kukawa na joto. Kiganja kikatoa jasho. Tukashikana.

Rula alifungua mkono wake, akausoma. Yalikuwa yametoka kinyumenyume lakini yanasomeka. Akasema "mkabala" haina h, akaenda kunawa.

Mama Mkwe amerudia jaribio. Kapata yote. Ameandikishwa kwa mtihani. Kule kiwandani nako aliwaambia wapishi ukweli asubuhi, na wao wakasema wimbo ule wanaupenda, wataendelea nao.

Jumatano, 19 Machi

Dada kaja chumbani kwangu, kitu ambacho huwa hafanyi, akakaa kitandani, akalisifu godoro. Nikajua kuna jambo. Akasema Jumapili atakuja mgeni kujitambulisha, na kwa kuwa wazazi hawapo, mimi ndiye nitakayempokea. Nikauliza mgeni gani. Akasema namfahamu, na kwamba anapenda chai isiyo na sukari.

Nilimwambia wiki moja haitoshi kumjua mtu. Akasema yeye ana miaka arobaini na moja, amewasuka maharusi wa watu tangu ana ishirini, na anajua kuchagua. Nikamwambia Rula ananifundisha, itakuwa vigumu. Akaniuliza ni nani aliyemtuma aende kule na maswali. Nikakubali kwamba ni mimi.

Kwa hiyo muda wote huo Rula hakuwa akimfuata Mfamasia. Siku ile alisindikizwa getini kwa sababu geti lao lina komeo gumu. Nimeumia kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo. Na sasa ni shemeji yangu. Kwa mahali, angalau.

Jumatatu, 24 Machi

Mtihani wa mwisho. Mimi sikuandikishwa. Nilimsindikiza Mama Mkwe, nikambebea sweta na chupa ya maji, nikangoja nje pamoja na mke wa mlinzi wa benki. Mfamasia alikuja mchana na koti lake jeupe bado mwilini, tukakaa watatu kwenye ngazi. Mke wa mlinzi alikuwa anakula kucha.

Mama Mkwe alitoka bila haraka. Alikaa ngazini kati yetu, akaomba maji, akanywa yote. Ndipo akasema swali la pembe lilikuja. Mistari miwili, wa tatu umeikatiza, pembe nane. Taja jozi, useme zipi zinalingana na kwa nini. Na mistari ilichorwa ili mtu aione kuwa sambamba, lakini hapakuandikwa popote kwamba ni sambamba. Akachukua kipimapembe. Hazikulingana. Akataja majina yote, yale ya Rula, na mwisho akaandika kwamba zinazolingana ni pembe mkabala peke yake, maana hizo hazitegemei mistari mingine inakwenda wapi.

Kisha akacheka kidogo. Akasema palepale kwenye chumba cha mtihani jina la mbadala za nje lilimpotea kabisa. Akaiona ile picha ya ukutani kichwani mwake. Akakumbuka mashemeji, akakumbuka wamekaa nje, huku na kule, na jina la kweli likarudi. "Kwa hiyo ule uongo wako ulinishika mkono dakika moja," aliniambia. "Dakika moja tu. Usivimbe."

Sikuvimba. Mfamasia aliniegemea bega kidogo. Pengine alikuwa amechoka.

Jumamosi, 12 Aprili

Majibu yalitoka jana. Mama Mkwe amefaulu. Leo asubuhi mkurugenzi amempa barua, neno kaimu limeondolewa. Wapishi wa zamu ya asubuhi walimwimbia mawifi na mashemeji mkurugenzi akiwa amesimama hapohapo, akidhani ni wimbo wa dini.

Jioni kukawa na karamu ndogo nyumbani kwake. Rula alikuja na Dada, wamevaa rangi moja. Nimempa mkono bila wino. Mlinzi wa benki alikuja na mkewe, kucha zimeanza kuota. Mama Mkwe alisimama, akawashukuru watu, akanitaja wa mwisho. Akasema bado anapima, lakini kuanzia leo naweza kumwita Mama. Hilo neno la pili, Mkwe, tutaliona mwakani. Kisha akaninyooshea kiti cha mto. Nikakaa. Mto wenyewe ni mgumu, ningewauzia mzuri zaidi. Mfamasia alikaa kwenye mkono wa kiti. Kwa kweli sijawahi kuwa na jioni njema kama hii, na nikajiambia moyoni kwamba kuanzia sasa ni mtu wa maneno machache.

Ndipo akaingia kaka yake Mama, ambaye sijawahi kumwona. Mtu mkubwa, mkimya, mkono mmoja umevimba. Anafuga nyuki. Msaidizi wake kamkimbia na wiki ijayo ni mavuno, akauliza kama kuna yeyote hapa anayejua nyuki.

Kukawa kimya.

Nikasema mimi nimekulia kwenye mizinga. Nikasema babu yangu alikuwa akiwaita kwa mluzi. Mjomba akauliza kama nina mavazi yangu ya kujikinga au aniletee. Nikamwambia sisi tuliozaliwa nao hatuvai kitu.

Chumba kizima kilinitazama kwa namna mpya. Mama alivua miwani. Mjomba amenishika mkono kwa heshima kubwa na atanipitia Jumatatu alfajiri. Mizinga ni arobaini.